Moshi Kwanza

Wewe wa Kayole, wewe wa Umoja, wewe wa Dandora unayefunga viatu sasa hivi.

Umewahi kuwasha jiko la makaa? Moshi ndio hutangulia. Macho yanawasha, jirani wa ploti analalamika. Lakini hulimwagii jiko maji. Unaliacha nje kwenye upepo, unangoja makaa yashike moto.

Kujifunza kutulia na kutafakari kuko hivyo. Unaketi ukingoni mwa kitanda. Mgongo wima. Unafuata pumzi ikiingia, pumzi ikitoka. Mara moshi: kodi ya nyumba. Moshi: nauli imepanda. Moshi: lile neno la shemeji jana. Wengi huinuka hapo, wakisema hawana kipaji. Wanakosea. Akili ikitoroka, irudishe kwenye pumzi. Imetoroka tena? Irudishe tena. Kazi ndiyo hiyo, hakuna nyingine.

Wapo wanaotafakari wakitaka kuona ya mbali, kusoma mawazo ya watu. Mabango ya waganga kwenye nguzo za stima yanaahidi hayo, pamoja na nambari ya simu. Mimi siyaamini. Jicho la ndani, kama lipo, huanza karibu: unaiona hasira yako kabla haijafika mdomoni. Unausikia uchovu katika sauti ya mwenzako kabla hajalalamika.

Basi leo, makanga akikunyima chenji, au mkubwa wa kazi akikufokea, vuta pumzi moja, uifuate hadi mwisho. Kisha ndipo ujibu.