Kabla Mfupa wa Pili Haujavunjika

Wanangu wa Kibuli, jaja, babu au bibi yenu, akiteleza kwenye mteremko wetu akavunjika kifundo cha mkono, msiseme ni uzee tu. Mtu aliyeanguka kutoka kimo chake mwenyewe hakutarajiwa kuvunjika. Plasta ikishafungwa, kabla hamjaita boda, muulizeni daktari: msongamano wa mifupa yake utapimwa lini? Wengi hulitibu vunjiko na kuuacha ugonjwa wa mifupa kupungukiwa madini uliolileta, kisha mwaka wa pili inavunjika nyonga, na wangapi tumewaona wakilala wasiinuke tena.

Eksirei ya kawaida haitoshi. Huonyesha palipovunjika, lakini upungufu wa madini hauonekani humo vizuri mpaka karibu theluthi iwe imeshapotea. Kipimo chenyewe ni DEXA. Mgonjwa hulala chali dakika chache, hachomwi sindano. Miale hafifu hupita kwenye nyonga na uti wa mgongo, na mashine ikahesabu madini yaliyobaki. Jibu huitwa alama T, yaani mifupa yake ikilinganishwa na ya kijana mwenye afya. Mpaka uliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994: hasi 1 na kwenda juu ni salama, ikishuka hapo mifupa imepungua, na ikifika hasi 2.5 au chini zaidi, huo ni ugonjwa wenyewe. Ombeni karatasi muisome.

Mashine hizi ni chache kwetu, na bei yake inauma. Ikikosekana, msikate tamaa: nyonga au pingili ya mgongo iliyovunjika kwa anguko dogo yaweza kumtosha daktari kuanza tiba. Ila yule anayekushikisha kifimbo cha chuma kiganjani kisha akakuuzia makopo ya kalsiamu, huyo hajapima mfupa wowote.

Mwelezeni daktari kila dawa jaja anayomeza, hasa predinisoloni ya miaka mingi, na tenofovir kwa anayeishi na VVU. Zote hupunguza mifupa. Asiache dawa kwa kunisikia mimi, aseme tu. Kwa mwanamke, mwambieni pia hedhi ilikatika lini, maana ikikatika mapema mifupa hupungua mapema.

Nanyi vijana, mfupa hujengwa hadi karibu miaka 30. Kuleni mukene, dagaa wetu, mzima na miiba yake, pandeni kilima kwa miguu.

Jaja akikataa kupimwa kwa kuwa haumwi, mwambieni ugonjwa huu hauumi mpaka uvunje. Akizidi kukataa, niiteni nizungumze naye.