Haki ya Mtangulizi

Rubani wa Marekani ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni ya mashirika yachukuayo kila mwenye tikiti. Ya pili ni ya kampuni na matajiri wenye ndege zao wenyewe. Katika ile ya kwanza kila rubani ana nambari katika orodha. Nambari hiyo hutokana na siku aliyoajiriwa, wala si ustadi wake, nayo huamua ndege atakayoendesha, zamu, likizo, siku ya kuwa rubani mkuu, na nani aondolewe kwanza kazi ipunguapo. Mshahara nao hupanda kwa miaka ya utumishi. Katika ile ya pili hakuna orodha. Ujira ni mapatano, na simu yaweza kulia usiku wa manane.

Mwepesi wa kuhukumu atasema kuwa orodha humdhulumu hodari. Lakini uhodari wa rubani utapimwaje? Safari njema haina cha kuonyesha ila abiria kushuka salama, na rubani hodari na rubani wa kadiri wote hushusha abiria salama. Aghalabu mkubwa atakaye kupima kwa jicho lake hupima utii. Rubani wa orodha akikataa kuruka kwa sababu ya ukungu, au barafu juu ya mabawa, nambari yake haishuki. Rubani wa tajiri humwambia neno lilo hilo mtu aliyeketi hatua chache nyuma yake, mwenye haraka, ambaye ndiye amlipaye. Wengi hulisema, na hiyo ni heshima yao. Walakini ni ajabu ukweli mmoja uwe bure kwa huyu na ghali kwa yule.

Tena ndege ya tajiri huitwa anasa siku mambo yaharibikapo. Novemba 2008 wakuu wa kampuni tatu za motokaa walikwenda Washington kuomba msaada wa serikali, kila mmoja kwa ndege ya kampuni yake. Walilaumiwa sana, na Desemba wakarudi kwa motokaa.

Orodha nayo ina pingu zake. Wahenga walinena kuwa atanguliaye kisimani hunywa maji maenge. Hawakunena limpatalo ahamiaye kisima kingine. Nambari haihamishiki. Eastern ilipokufa Januari 1991, marubani wenye mvi waliotafuta kazi katika mashirika mengine walishika mkia nyuma ya vijana. Chesley Sullenberger, aliyeitua ndege yenye watu 155 katika mto Hudson Januari 2009, wote wakapona, aliieleza kamati ya Bunge mwezi uliofuata kuwa ujira wake ulikuwa umepunguzwa kwa asilimia 40 na pensheni yake kukatizwa. Mtu wa namna hiyo angekwenda wapi na miaka yake yote?

Kosa, basi, si nambari, bali ni kufungwa kwake katika shirika moja. Sheria ya Desemba 2007 huyataka mashirika yaunganapo yachanganye orodha zao kwa haki. Rubani wa shirika lifalo peke yake haimpi kitu.