Rahisi kwa Nani?

Arobaini ya babu ilipokaribia, mimi ndiye niliyepewa kazi ya hesabu. Katika ukoo wetu ukishafika chuo kikuu unageuka mhasibu wa kila shughuli, hata kama ulisomea fasihi. Mpishi wa kukodi alitaka shilingi 8,000 kwa sahani. Tulitarajia watu 80, yaani 640,000. Nikaandika kwenye grupu la familia: "Tupike wenyewe. Ni rahisi." Chini yake nikaweka orodha. Mchele kilo 12, 36,000. Nyama kilo 12, 120,000. Mafuta, 18,000. Viungo, vitunguu, viazi na vya kachumbari, 46,000. Ndizi na matikiti, 40,000. Mkaa, 30,000. Jumla 290,000. Tumeokoa 350,000.

Baba mkubwa akajibu kwamba ada yangu haikwenda bure. Wengine wakapiga makofi yale ya kwenye simu. Nami, sitaficha, nilijisikia mtu.

Ijumaa saa tisa alasiri wanawake watano walikaa uani: mama, mama mdogo, shangazi, dada yangu na binti anayemsaidia mama kazi za nyumbani. Walichambua mchele, wakamenya vitunguu thaumu, wakatwanga tangawizi na bizari, wakakata nyama. Waliinuka saa nne usiku. Saa kumi alfajiri moto ulikuwa umeshawashwa. Pilau la watu 80 halifanani na pilau la watu watano. Vitunguu vinataka mtu asimame juu yake hadi viive rangi bila kuungua, sufuria halinyanyuliki na mtu mmoja, na makaa ya kupalia juu ya mfuniko yanataka jicho lisilopepesa. Saa tano asubuhi chakula kilikuwa tayari, na wageni wamekaa mikekani.

Dua ilipoanza nilipita uani kuchukua majagi ya maji. Mama mdogo alikuwa amelala. Alikuwa ameketi juu ya gunia tupu la mkaa, mgongo ukutani, mwiko bado mkononi. Mama mdogo ndiye kitinda mimba wa babu, na ndiye aliyemwogesha na kumlisha miaka yake miwili ya mwisho. Kutoka barazani "amina" zilikuwa zikisikika, moja baada ya nyingine, za watu ambao baadhi yao hawakumjua babu hata kwa sura. Mtoto wake hakuisikia hata moja.

Sikumwamsha. Hadi leo sijui kama huo ulikuwa wema au uoga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria neno nililolitumia. Katika Kiswahili, "rahisi" ni kisicho kigumu, na pia ni kisicho ghali. Sokoni maana hizi mbili hazigombani. Jikoni zinagombana karibu kila siku. Makande ni chakula cha bei ndogo, lakini mahindi makavu na maharage huchukua saa nyingi motoni, na mtu wa kuyaangalia. Chapati ni unga, maji, chumvi na mafuta kidogo. Waambie watu 80 wanakuja, kisha uliza nani atasukuma. Na vile visivyo na kazi, kama kuku aliyekwisha kuchomwa au chipsi za pale kona, vinataka pesa. Ukiona shughuli iliyokuwa rahisi kwa maana zote mbili, uliza: rahisi kwa nani? Mara nyingi katikati yake kuna mtu ambaye hakuandikwa kwenye orodha.

Basi niliifanya upya hesabu yangu. Watu watano, saa saba za Ijumaa na saba za Jumamosi, ni saa 70, bado hatujagusa vyombo. Gawanya zile 350,000 kwa 70, unapata shilingi 5,000 kwa saa. Hatukuokoa chochote. Tulihamisha deni kutoka mfukoni mwa ukoo mzima tukaliweka mgongoni mwa watu watano, kisha tukanipigia makofi mimi.

Kosa hili si langu peke yangu. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mwaka 1988 Marilyn Waring wa New Zealand, mwanauchumi aliyewahi kuwa mbunge, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi hesabu za pato la taifa zinavyoiruka kazi hiyo. Pilau likipikwa hotelini, kazi ya mpishi inahesabiwa. Likipikwa nyumbani kwa ajili ya watu wa nyumbani, mchele na mkaa vinahesabiwa kwa kuwa vilinunuliwa, lakini mpishi hayumo. Orodha yangu ya kwenye grupu ilifuata kanuni ileile ya mataifa.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Nimeyaona macho ya mama baada ya moshi wa alfajiri ile, kwa hiyo naupokea kwa mikono miwili. Lakini gesi haimenyi vitunguu thaumu.

Nilipomweleza mama hesabu ya saa 70, alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Ile haikuwa kazi," alisema. "Yule alikuwa baba yangu. Ungenipa hizo elfu tano zako ningekurushia."

Hoja hii ni nzito, na vijana tuliosoma tunapenda kuiruka kwa haraka. Mama hasemi uongo. Kuna mambo yakilipwa yanaharibika. Anayemwosha maiti wa ndugu yake hatoi ankara. Usiku ule, pembeni ya beseni la vitunguu, niliwasikia mama na mdogo wake wakicheka kisa cha babu na baiskeli yake, kisha wakalia, kisha wakacheka tena. Kwa mpishi wa kukodi wangeupata wapi usiku kama huo? Kupika kulikuwa namna yao ya kumzika baba kwa mara ya pili.

Lakini najiuliza maswali mawili. La kwanza: zawadi ni kitu ambacho mtu angeweza pia kutokutoa. Je, mama mdogo angeweza kusema, "Mimi leo nimechoka, nataka kukaa mkekani nimsikilize baba yangu akiombewa"? Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemuuliza pia. Mimi niliandika "tupike wenyewe", na ile "tu" ya mwanzo ilinijumuisha mimi, baba mkubwa na wajomba wanne, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeshika kisu. Mapenzi yalikuwepo, sikatai. Ila yalikuta zamu imeshapangwa zamani, kabla mtu yeyote hajafa.

La pili linamhusu yule binti. Babu hakuwa babu yake. Hakuwa na kisa cha baiskeli cha kucheka wala cha kulia. Alimenya kama wengine, akaamka saa kumi kama wengine, akaosha masufuria baada ya wengine, akala ukoko. Kwake hoja ya mapenzi haifiki. Mwisho wa mwezi alipata mshahara wake uleule. Hapa mama alipoambiwa alinyamaza. Baadaye nilimwona akifunga noti kwenye kipande cha karatasi, akampelekea.

Kuna watakaosema dawa ni kukodi mpishi. Sikubaliani nao. Kwanza, jikoni kwa mpishi huyo nako kuna mabinti wanaomenya, nami sijui wanalipwa nini. Pili, na hili ndilo kubwa, siku kukaribisha watu kutakapokuwa jambo la wenye 640,000 peke yao, wengi wetu tutaacha kukaribishana. Chakula cha gharama ndogo ndicho kinachomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kusema "karibuni". Hilo ni jambo la kulindwa. Tatizo langu halikuwa kutaka shughuli ya bei ndogo. Nilitaka iwe ndogo kwangu, nikaacha kuuliza ilikokwenda ile tofauti.

Basi shughuli ya mwaka ilipofika nilileta orodha nyingine. Safari hii ilikuwa na safu mbili: pesa na mikono. Wali, maharage ya nazi, mchicha na ndimu. Maharage tuliyaloweka usiku wa Alhamisi ili yawahi kuiva, tukayachemsha Ijumaa. Wajomba walikuna nazi 15 wakilalamika kuhusu mbuzi aliyelegea miguu. Mimi na binamu zangu tulipika wali. Binti alipewa siku yake ya mapumziko, na aliitumia kwenda kwao. Kila kitu kilitakiwa kiwe kimefunikwa na moto umetulia kabla ya dua kuanza.

Haikuwa shughuli ya kusimuliwa. Sufuria letu la kwanza lilitoka bokoboko. Jirani mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kwamba kwenye arobaini tulikula pilau, na marehemu alikuwa mtu wa heshima zake. Nilimwona shangazi akiinamisha kichwa, na neno lile liliniuma kuliko nilivyotegemea. Heshima ya chakula mbele za watu si upuuzi. Ni lugha ambayo familia zetu zimeizungumza muda mrefu, nasi tulikuwa tumeizungumza kwa kigugumizi.

Lakini mama na mama mdogo walikuwa mkekani, bega kwa bega, wamejitanda khanga zao. Dua ilisomwa mwanzo hadi mwisho wakiwa pale. Katikati yake mama aligeuka mara mbili kutazama kuelekea uani, kama mtu aliyesahau kitu motoni. Mara ya tatu alianza kuinuka. Mdogo wake akamshika mkono, akamrudisha chini taratibu, na hakuuachia mkono ule hadi "amina" ya mwisho.