Kizuri Chajiuza?

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza imetulea wengi, na wasomi imewakaa rohoni. Mtu anahangaika na utafiti miaka mitatu, anakabidhi tasnifu yake maktaba ikiwa na jalada gumu na maandishi ya dhahabu, kisha ananyamaza. Kuitangaza anaona ni kujikweza. Haya yake naielewa, lakini sikubaliani naye.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, mkoani Tanga, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, naye kwa kuhofia kuikosa akayaingiza yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimfanyia dhihaka kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, haiko kwa watu wengine. Kizuri hapo hakikujiuza. Kilichekwa.

Kilinusurika kwa sababu kijana hakukoma kuuliza. Denis Osborne, Mwingereza aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu, Dar es Salaam, alipofika Mkwawa kutoa mhadhara, Mpemba alimtupia swali lilelile, kwa nini cha moto hutangulia kuganda, mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Osborne alirudi chuoni na kuagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia.

Hapo kwenye mpangilio wa majina huwa nachelewa kidogo. Osborne angeweza kuandika peke yake na kumshukuru mwanafunzi mmoja wa Iringa kwa mstari mmoja wa tanbihi, wala hakuna ambaye angemlaumu. Aristotle na Francis Bacon walishaligusia jambo hilo la cha moto kutangulia kuganda karne nyingi kabla, na mwaka huohuo wa 1969 G. S. Kell wa Kanada naye aliliandikia makala. Hata hivyo wanafizikia wa leo husema athari ya Mpemba, mpaka katika fizikia ya kwanta kusiko na maji wala maziwa. Wapo wanaopinga, kama Burridge na Linden, ambao mwaka 2016 walitilia shaka iwapo maji ya moto kweli hutangulia kupoa. Nao, ili wapinge, imewabidi wamtaje. Kumrejelea mtu maana yake ni kukiri kwamba mazungumzo uliyaingilia yakiwa yameshaanza, na aliyeyaanzisha ana jina.

Kazi zetu nyingi hazichekwi hata kidogo. Hazionekani tu, tena kwa sababu ndogo ndogo. Kichwa kinasema "Changamoto za Kilimo" bila kutaja zao wala wilaya, kwa hiyo anayetafuta habari za mihogo ya Muheza hataifikia. Ikisiri inaeleza kwamba utafiti ulifanyika, haisemi uligundua nini. Mwandishi mmoja ni Juma H. Ali katika jarida hili, J. A. Hamisi katika lile, na kompyuta inamhesabu kuwa watu wawili. Tangu 2012 kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomfuata mtafiti popote aandikapo, na kuipata ni bure. Kuyaweka haya sawa sioni majivuno yako wapi. Ni adabu kwa msomaji usiyemjua.

Majivuno huingia kwenye kuhesabu. Mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza mwaka 2005 kipimo cha kuwapima watafiti kwa marejeo ya kazi zao: mwenye makala 10 zilizorejelewa angalau mara 10 kila moja anapata 10. Mwenye makala moja, hata irejelewe mara elfu, anapata 1. Makala ya yale maziwa ya moto haiwezi kumpa mtu zaidi ya hapo. Na mtu akishajua kwamba cheo kinakuja na namba, ataisaka namba: atajirejelea mwenyewe, atakubaliana na rafiki watajane, atamshinikiza mwandishi anayemhakiki aongeze kazi zake kwenye marejeo. Na kwa kuwa hifadhidata kubwa za kuhesabia zimejaa majarida ya Kiingereza, anayeandika isimu kwa Kiswahili fasaha huweza kusomwa na kila mwalimu wa somo hilo na bado akaonekana hajaandika kitu.

Tena kuna wasomaji wasioingia katika hesabu yoyote. Mtafiti hufika kijijini na hojaji, hukaribishwa kiti na uji, huuliza habari za kisima, za mavuno, za mimba zilizoharibika. Watu humjibu. Ripoti huenda kwa mfadhili, makala kwenye jarida, na kijijini hairudi hata karatasi moja. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na maswali yaleyale, na mwenyekiti wa kitongoji ana haki kabisa ya kumuuliza kwanza wale waliotangulia walipata nini.