Deni la Wapagazi

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii haikosi kutajwa kila vinapozungumzwa vita, nasi hatuikatai. Lakini kwa vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi zetu haitoshi. Nyasi huumia kwa kuwa zimeota pale tembo walipokutana. Hazifungwi kamba zikapelekwa vitani, wala hazitwishwi mizigo ya tembo. Wapagazi walifanyiwa yote mawili.

Wadachi na Waingereza walipambana Tanga mwezi wa Novemba 1914, kisha vita vikatambaa Tanganyika nzima, vikaingia Msumbiji na kuishia Rhodesia ya Kaskazini. Huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini, majuma mawili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Reli hazikufika kote, na mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na hesabu zao wenyewe zilikiri vifo karibu laki moja. Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu: mtu aliyezoea ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika nusunusu kwa haraka ya safari, tumbo likamharibika. Na huko nyuma mashamba yalikosa wa kuyalima. Wagogo hawajaisahau njaa ya Mtunya.

Sasa yafaa tujiulize: maiti asiyeandikwa jina amedhulumiwa nini, ikiwa amekwisha kufa? Wako wasemao kwamba mfu hana haja ya kibao. Huenda mfu hana. Lakini kifo si mali ya mfu peke yake. Kwetu matanga hayaanuliwi kwa uvumi. Mke ambaye hajapata habari ya kifo cha mumewe atakaa eda kuanzia siku gani? Urithi utagawanywaje, na nani atathubutu kumpa mtoto jina la mtu ambaye huenda kesho akabisha hodi? Ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao, kwa hoja kwamba wenyewe hawajulikani walikotoka. Kukosa jina, basi, hakukuwa jambo la heshima tu. Kulikuwa pia jambo la chakula.

Na majina yalikuwako! Mpagazi aliandikwa daftarini, akachukuliwa alama za vidole, akavishwa kibati chenye namba. Alijulikana vya kutosha kusakwa akitoroka. Alipokufa ndipo alipogeuka kuwa mtu asiyejulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam waliona ni heri makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori, hali Mzungu aliyekufa katika vita vile vile alichongewa jiwe lake. Wapagazi na askari weusi waliwekewa sanamu ya pamoja ya shaba, iliyozinduliwa 1927, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayowaahidi kwamba watakumbukwa kwa majina. Jina hata moja halimo.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikadiria kuwa watu 116,000 kwa uchache, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni watu 234,000. Hebu tuipime: umati ambao mwandishi wa daftari hana hakika kama ulikufa!

Sisi twapita Kariakoo kila siku kununua mchicha na vitenge, na jina hilo ni la jeshi lao la wapagazi, lililolainishwa na ulimi wetu kutoka Kiingereza. Wajukuu na vitukuu vyao wangali hai. Baadhi yao wanaweza kumtaja babu, ukoo wake, na njia aliyoondokea. Na wengi wao hawajaulizwa majina hayo.