Gitaa Jipya Lenye Michubuko

Mwaka 1995 kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuuza magitaa mapya ya umeme yaliyochakazwa makusudi: rangi inakwanguliwa pale mkono unapoegemea, vyuma vinafubazwa kwa kemikali. Nayo ni ghali kuliko mengi yanayong'aa. Hapa Mbweni, upepo wa bahari hula vyuma vya gitaa bila kuombwa.

Hata hivyo, naielewa tamaa ya gitaa lililochakaa. Bendi zetu nyingi za dansi za Tanzania, kama NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, zilikuwa za taasisi, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Mpigaji akihamia bendi nyingine aliliacha gitaa, mwenzake akalidaka. Jasho la mikono ya wengi lilikula rangi ileile. Kijana anayetamani gitaa lililochakaa anatamani kuingia katika ukoo huo wa wapigaji, na hilo ni jambo jema.

Ila mchubuko wa kiwandani hauna mwenyewe. Ningemwomba anunue gitaa la kawaida, alipige mpaka mbao ionekane, na pesa itakayobaki imfikishe kwenye dansi la Msondo Ngoma, bendi iliyotokana na NUTA hiyohiyo.