Tulichoomba kwa Ng'ombe

Ubavu wa ng'ombe wa asili unaoning'inia bucha katika kisiwa cha Ziwa Viktoria kama Bumbire, huko Kagera, una sura yake. Nyama ni nyekundu iliyokolea. Mafuta yamejitenga: tabaka jembamba la manjano juu ya mnofu, na bonge lililozifunika figo. Kisu kikipita kwenye sarara, ndani huoni michirizi myeupe. Ni mnofu mtupu. Anayependa kinono aombe nundu au kidari. Umanjano ule umetoka kwenye majani: karotini ya nyasi za mwaka mzima imehifadhiwa katika mafuta.

Ng'ombe huweka akiba kwa utaratibu. Shibe inapozidi, mafuta kwa kawaida hutangulia kwenye figo na matumbo, yakaja kati ya misuli, kisha chini ya ngozi. Yale ya ndani ya mnofu huchelewa kuliko yote, na wapo ng'ombe ambao hata uwalishe namna gani hayaji kwa wingi. Hapo ndipo kosaafu, yaani urithi wa jeni, inapoanza kusema.

Kule Japani, ng'ombe wa Wagyu aliyenoneshwa kwa nafaka kwa miezi mingi huweza kuwa na mafuta kiasi cha theluthi ya mnofu wake. Hata aina ya mafuta ni nyingine. Bakteria wa tumboni mwa ng'ombe huyageuza mafuta laini ya majani kuwa magumu. Kimeng'enya kilichomo ndani ya seli za ng'ombe huyalainisha tena kwa sehemu, na nguvu ya kimeng'enya hicho hurithiwa. Asidi ya steariki huyeyuka karibu na nyuzi 69 za Selsiasi, asidi ya oleiki karibu na 13. Wagyu ana oleiki nyingi, ndiyo maana mafuta yake huanza kulainika kwa joto la vidole tu.

Kwa nini huyu apewe hivi na yule vile? Nikilitafakari swali hili, narudi kwa wafugaji. Kosaafu ni ombi lililorudiwa vizazi na vizazi, kila dume lilipochaguliwa na jingine kuachwa. Ankole wa Kagera aliombwa pembe ndefu, rangi ya kupendeza, maziwa, na miguu ya kufuata malisho. Mhaya aliomba pia samadi: ng'ombe alilala ndani ya msonge pamoja na watu, na asubuhi samadi yake ikabebwa kwenda kibanjani, migombani. Kwa hiyo sehemu ya shibe ya ng'ombe wa Buhaya imo kwenye ndizi. Huko Karagwe, hazina ya watawala ilikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Pembe ziliheshimiwa hata pale pasipokuwa na nyama ya kula.

Wajapani nao waliomba nguvu ya kulima mashamba ya mpunga. Ulaji wa nyama ya ng'ombe ulienea baada ya mwaka 1868, na tangu hapo ombi likageuka. Mwili wa ng'ombe ukajibu, polepole.

Katika Biblia, sheria ya Walawi ilitenga mafuta ya matumbo na ya figo yateketezwe madhabahuni. Mafuta yaliyochanganyika na mnofu hayakudaiwa; yalibaki kwa mlaji. Naona hekima hapo. Kinachoweza kubanduliwa hutolewa sadaka kwa siku moja, na mkono ukabaki safi. Kilichokwisha kuingia nyamani hakibanduki. Wema wetu mwingi ni wa figo: tunautoa, unaonekana, watu wanashukuru. Ule wa ndani huja mwisho, baada ya shibe na utulivu wa muda mrefu, na huenda ulianza kuombwa na bibi tusiyewahi kumwona.

Leo mfugaji wa Muleba anayempandisha ng'ombe wake kwa dume la Boran au la Friesian anaomba upya: kilo zaidi, au lita zaidi. Hakosei, watoto wana mahitaji ya shule. Lakini jibu litakaa katika ndama ambao hatawachunga yeye. Ndivyo ilivyo kwa kila tunachokitamani kila siku bila kukihoji. Heri basi kukihoji mapema, maana wajukuu hawatapewa nafasi ya kukikataa.